Mita Ishirini Juu ya Kivuko

Jumanne, 29 Oktoba 2024
Nina hasira. Kwa kuwa mafuriko yalibeba daraja la mto Kuja, watahiniwa wetu kumi na wanane watavuka kwa mashua ya shule kwenda kituo cha mtihani. Helen, mpiga kasia, huiburuta kwa kamba mbali kabisa juu ya mto, upande maji yanakotoka, ndipo avuke. Nusu saa kila safari! Nikamwonyesha hesabu. Upana mita sitini, mashua mita moja na nusu kwa sekunde — sekunde arobaini. Maji nusu mita kwa sekunde. Yatatusukuma mita ishirini tu, basi aanzie mita ishirini juu ya kivuko. Akanijibu mbele ya wanafunzi: Madam, maji haijasoma kitabu yako. Wakacheka. Mimi, miaka kumi na moja nafundisha vekta!

Jumatano, 30 Oktoba
Prinsipo Momanyi, mkuu wa shule, amepiga hesabu yangu muhuri. Helen basi, ameondolewa. Atapiga kasia Bravin, mpwa wake prinsipo. Nilimwona Helen sokoni, hakunisalimia. Sawa tu. Na akae na kamba yake.

Ijumaa, 1 Novemba
Mjinga ni mimi. Siku ile ya kupima kasi ya maji nilitupa ndimu hapa ukingoni, kwa sababu nilivaa viatu vya kanisa na sikutaka matope. Kutoka kijiti hadi kijiti mita thelathini, ndimu sekunde sitini. Leo bua la mahindi limepita katikati ya mto. Nikalipima kwa vijiti vile vile — sekunde ishirini. Mara tatu! Tutasukumwa karibu mita sitini, na chini ya kivuko kuna mti ulioanguka, matawi yote majini.

Nikamwendea Momanyi. Ati barua ya mpango huu imeshafika ofisi ya elimu Migori, nisimwaibishe. Nikamwuliza laifu jaketi, yale maboya ya kuvaa, tulizoahidiwa kutoka Homa Bay ziko wapi. Akafungua gazeti. Gazeti! Nikaenda kwa Helen kuomba msamaha. Amekwenda matangani huko Magunga. Simu mteja, haipatikani.

Jumatatu, 4 Novemba, saa moja na robo asubuhi
Naandikia ndani ya mashua. Nimekaa hapa tangu saa kumi na mbili na sitoki mpaka iburutwe juu. Bravin anasema anko wake alimwambia aanzie kwa kijiti changu cha mita ishirini, yeye hana maneno. Momanyi naye amekuja, ananitisha na tume ya walimu, ati nazuia mtihani wa taifa. Nimemwambia ashike kamba. Hashiki, amevaa suti. Mtihani ni saa mbili. Safari tatu, watu sita sita, kwa njia ya Helen ni saa moja na nusu. Wangeshika kamba nilipowaambia, saa hii wa mwisho wangekuwa wanavuka! Sasa kila dakika ya kuchelewa ni lawama yangu na yao.

Dorine, mwanafunzi wangu ambaye hajawahi kukosea vekta, ameingiza mguu mmoja mashuani. Ameniuliza polepole, bila dharau. Madam, si ni wewe ulisema tukianzia mita ishirini tutafika?