Wa Mbele Wageuke

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti lako limetulia, na kwamba shemeji ameacha kulipaka kila dawa anayosifiwa na wapita njia. Wanangu nao nawaombea uzima. Huku kwangu mwili haujambo, usingizi ni wa kuviziana, na sauti imenikauka kwa sababu utakayoielewa mbele. Barua hii anakuletea mkweo, na nimemwomba asinyanyuke hapo kwako mpaka uimalize na umpe jibu. Mpe chai, maana huenda akakaa.

Sasa tuanze ugomvi. Jumapili iliyopita ulisema kwenye simu, na nanukuu neno kwa neno kwa sababu nilikuwa na kalamu mkononi: "Utafiti ni kumuuliza mtu jambo analolijua, kisha kumrudishia kwa maneno asiyoyaelewa." Halafu ukakata simu, ukijua fika kwamba mimi nikinyimwa nafasi ya kujibu chakula hakipiti. Basi najibu. Madai yako ni ya uongo, dada, na uongo wake nitakuonyesha kabla hujafika kwenye sahihi yangu. Ila kwanza upate habari, kwa sababu siku ile ulikataa kuzisikia.

Unalikumbuka andiko letu la kuomba fedha za utafiti, lile la mvua na bati. Tunachotaka kupima ni kitu kimoja. Mvua ikipiga juu ya paa la bati lisilo na dari, mtoto wa dawati la nyuma anasikia nini katika yale anayosema mwalimu? Sisi tunaamini hasikii kitu. Tunaamini kuna watoto chungu nzima wanaoitwa wazito wa kuelewa, na uzito wenyewe uko kwenye paa. Tukilithibitisha hilo kwa vipimo, wale wanaojenga madarasa kama mabanda ya kuku watakosa pa kujificha, nami nitawafuata mmoja mmoja.

Mfuko unaotoa fedha hizo haukukubali wala haukukataa. Ulituletea maswali ya wahakiki watatu. Wahakiki ni wasomi wanaopewa andiko lako walisome na kulitafutia ubaya, na majina yao hufichwa ili usiende kuwagongea mlango. Mimi nakubali kwamba katika hali yangu hiyo ni busara.

Tuko watatu katika chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya viti vibovu, na kiti kimoja walikisahau, ndicho ninachokalia. Yupo binti wa takwimu tunayemwita Barafu, kwa kuwa hajawahi kupandisha sauti tangu azaliwe. Yupo fundi wa sauti, mtu mnene mcheshi anayekilaza kipimo chake cha kelele juu ya taulo kama mtoto mchanga. Utaratibu wetu wa kujibu ni huu: mimi naandika jibu la kwanza na moto wake wote, kisha nasimama kulisoma kwa sauti. Fundi ananielekezea kipimo na kututangazia nimefika kelele ya kitu gani. Nikishamaliza, Barafu anavuta kompyuta kwake na kutoa sumu. Kinachobaki lazima kianze na shukrani. Ndiyo adabu ya kazi yetu. Mhakiki akikuita mjinga, unamshukuru kwa maoni yenye kujenga.

Mhakiki wa kwanza aliuliza kama haitoshi mwalimu kuongeza sauti. Nilimwandikia kurasa nzima. Nilimwalika aje asimame chini ya bati mwezi wa mvua kubwa, awafundishe watoto kujumlisha tangu asubuhi mpaka mchana, kisha aniambie koo lake liko upande gani. Fundi akasema nimepita mashine ya kusaga na sasa naikaribia pikipiki isiyo na ekzosi. Barafu alibakiza mistari michache: tunashukuru kwa swali hili muhimu, sauti ya binadamu ina kikomo, tafadhali tazama jedwali la pili. Jedwali lenyewe tulilipata kwa majaribio ya shule moja, na ni zuri, dada, ningekuwa na fremu ningelitundika sebuleni.

Mhakiki wa pili aliandika hivi, wala siongezi chumvi: "Inashauriwa vipimo vifanyike wakati wa kiangazi, ili kelele za mvua zisiharibu data." Nilisoma nikadhani macho yangu yamechoka. Nikampa fundi, naye akaanza kucheka taratibu, kisha akakaa chini sakafuni. Jibu langu la kwanza lilimuuliza bwana huyo kama daktari wa malaria naye awafukuze kwanza mbu. Barafu hakucheka. Aliandika: "Tunashukuru kwa ushauri huu. Mvua ndiyo mada." Akafunga hapo. Siku hiyo nilijua binti huyu ana sumu kuliko mimi, ila yeye huihifadhi kwenye jokofu.

Basi tukafika kwa wa tatu. Nilikuwa nimeshapasha moto mwili, nikasimama kabisa, nikamwambia fundi awashe kipimo. Mhakiki wa tatu alikuwa ameandika kwa upole: "Andiko ni zuri. Lakini katika kikundi hiki hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama mbele ya watoto wadogo huku mvua ikinyesha. Mtajuaje cha kutafuta?"

Nikafungua mdomo, dada. Hakikutoka kitu. Fundi akakitikisa kipimo chake, akidhani kimeharibika. Nimebishana na maprofesa, na wenye nyumba, na yule kasisi aliyetaka kuhubiri kwenye mahafali yetu mpaka jua lizame, na sijawahi kukosa neno. Huyu alinikosesha. Mimi najua kelele, Barafu anajua hesabu, fundi anajua masikio. Darasa hatulijui hata mmoja wetu, tulilikaa tu kama watoto.

Fundi ndiye aliyepata wazo. Aliuliza kwa nini nisimtumie yule dada ninayegombana naye kila Jumapili hadi walinzi wa getini wanajua habari za goti lake. Nilimjibu kwamba dada amestaafu, na kwamba siku anaagwa aliweka chaki ya mwisho mezani na kuapa kwamba atakayemrudisha darasani ambebe kwa machela. Barafu akasema hakuna anayehitaji dada ashike chaki. Kisha akauliza swali la kitakwimu, kama ilivyo tabia yake: je, dada huyo alifanya nini hasa mvua iliponyesha?

Nikawasimulia. Niliwaambia kwamba nilikuwa mtoto wa dawati la mwisho kabisa, na kwamba mwalimu wa kabla yako alikuwa ameshamwambia baba yetu kichwa changu ni jiwe, anitafutie kazi ya mikono mapema. Nikaingia darasani kwako nikiwa na hofu mara mbili, ya mwalimu na ya dada. Mvua ya kwanza iliposhuka ulikuwa katikati ya somo la kusoma. Uliinua macho ukatazama bati. Hukupaza sauti. Uliweka kitabu kwapani, ukatembea kati ya madawati mpaka nyuma kabisa, ukasimama karibu yangu hadi nikasikia harufu ya sabuni ya gauni lako, ukasema: "Wa mbele wageuke." Wakageuka, wale watoto wa mbele waliozoea kupata kila kitu, shingo zikiwauma. Na mimi nikasikia somo zima kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Mvua iliporudi ulihama tena, na kila ilipokuja ulisimama pembe nyingine ya darasa, ili asiwepo wa kukosa siku zote.

Nilipomaliza, fundi alikuwa akijishughulisha kufuta kipimo ambacho hakikuwa na vumbi. Barafu alisema niandike hivyo hivyo nilivyosema, na kwamba safari hii hatatoa neno. Nikaandika.

Tangu hapo tunangoja uamuzi. Mkuu wa idara akikutana nami kwenye korido ananisalimia kwa sauti ya chini kama mtu mwenye mgonjwa hospitalini, na juzi alinishauri nianze kufikiria mada nyepesi zaidi, kwa mfano mitazamo ya wafanyakazi kuhusu mikutano. Nilimwambia mtazamo wangu hapo hapo. Fundi naye hufungua barua pepe kila anapotoka chooni, akiamini kwamba habari njema humjia aliyenawa mikono. Barafu peke yake ametulia, ingawa tukikosa fedha hizi mkataba wake hautaongezwa, na fundi atarudi kukodisha spika za harusi za kaka yake. Mimi nitaendelea kulipwa na nitaendelea kupiga kelele. Ila mvua zitarudi, na yuko mtoto nyuma kule ambaye baba yake ataambiwa kichwa cha mwanawe ni jiwe.

Sasa kaa vizuri kwenye kiti, dada. Kama glasi iko mkononi, iweke mezani.

Katika jibu lile kwa mhakiki wa tatu sikuishia kwenye kisa. Niliandika kwamba mwalimu huyo amekubali kuungana nasi kama mshauri wa darasa. Nikaweka jina lako, na miaka yako ya kazi. Sikukuuliza. Nilitaka kukuuliza Jumapili iliyofuata, ukaanza na habari ya bei ya saruji. Nikataka kukuuliza hii iliyopita, ukatoa ile hotuba yako kuhusu utafiti na kukata simu. Na kesho yake, Jumatatu asubuhi, mfuko ukatuandikia. Wahakiki wawili wameridhika. Wa tatu anasema hataki kusoma kuhusu mwalimu huyo, anataka kumsikia mwenyewe, Alhamisi asubuhi kwa njia ya video, kabla bodi haijakaa mchana kuamua. Fundi alipiga kofi la furaha. Mimi nilishika kichwa. Wao hawakujua kwamba hujui. Sasa nimewaambia, na Barafu amenitazama kwa namna ambayo afadhali angepaza sauti.

Unaweza kukataa, na utakuwa na haki. Nikipata hapana yako nitawaandikia mfuko ukweli siku hiyo hiyo, na Alhamisi bodi itaamua inavyotaka. Sitakulaumu hata kidogo, jambo ambalo unajua ni gumu kwangu.

Lakini nilikuahidi kukuonyesha uongo wako. Ulisema utafiti ni kumuuliza mtu jambo analolijua. Dada, umefundisha chini ya bati maisha yako yote ya kazi. Wakaguzi wamekuja, wageni wamekuja, wenye kamera wamekuja wakapiga picha choo kipya. Ni nani aliyewahi kukuuliza mvua ikinyesha unafanya nini? Hakuna. Hata mimi niliyekuwepo sikuuliza. Nilisubiri mpaka mtu asiye na jina anisukume ukutani. Kama utafiti ungekuwa kile unachokisema, mtu angekuwa ameshakuja kwako zamani, na mabati yote yangekuwa na dari. Alhamisi anakuja wa kwanza. Wewe na yeye mtaelewana sana, na nyote wawili mtanisema.

Wasalimie majirani, na hasa yule wa redio, mwambie nimekumbuka kelele zake kitaalamu. Barafu na fundi wanakuamkia. Shemeji, najua unasoma hii juu ya bega lake, kwa hiyo na wewe nakuagiza: usimpe kisingizio. Goti halihusiki, atakuwa amekaa.

Na wewe, dada, mpe mkweo jibu sasa hivi, akiwa bado na kikombe mkononi. Likiwa ndiyo, Alhamisi asubuhi nenda nyumbani kwake ambako mtandao haukatiki, vaa miwani yako, kaa mbele ya kompyuta. Usimshukuru mtu kwa swali lake zuri. Mwambie ulikuwa unasimama wapi, na kwa nini.

Ni mimi mdogo wako,
wa dawati la mwisho