Kichwa Bila Goti

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe anataka kurudi kazini. Kanitangazia leo mlangoni, mkoba ungali begani kwangu, hata viatu sijavua. Mwenye saluni kampigia simu: kiti chake kinamngoja mpaka wiki ijayo iishe. Baada ya hapo anakikalia msusi mwingine.

“Mwanangu, sikubadilishwa goti nije kutazama katuni.”

Nikacheka. Halafu nikamwona mwanangu Bonge mapajani mwake, anatafuna rimoti. Kicheko kikakauka.

Maana Bonge anashinda na bibi yake. Jirani aliyekuwa akinishikia mtoto alihama mwezi uleule Mama alipoiweka fimbo pembeni. Tukasema basi, Mama amshike kwa muda tu. Kwa muda! Hakuna aliyesema muda gani. Babake Bonge yuko safarini na lori. Akirudi anarudi kama mgeni — anakula, analala, anabusu mtoto, huyo.

Na kazi yangu mimi ni ipi? Kurudisha watu kazini. Watu wenye magoti mapya, tena! Siku nzima nawaambia watu baki, “Jipe moyo, utarudi.” Leo mtu wa nyumbani kwangu anasema anarudi, nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Jumanne, 4 Machi

Siku nzuri kazini. Mgonjwa wetu mlinzi ametuchekesha wote.

Pale kwetu, goti likishatulia hatumwachi mgonjwa alale tu akipiga mateke hewani. Tunamwambia: lete kazi yako hapa. Mwokaji tulimjazia gunia mchanga. Mlinzi tumempa mlango wa kabati uwe geti lake. Anakaa kwenye kiti cha plastiki, ninapiga honi kwa mdomo, anasimama, anafungua, anapiga saluti, anarudi kukaa. Asijisukume kwa mikono. Goti lisiangukie ndani.

“Na mwizi akija?” nikamuuliza.

“Nitamwambia asubiri kwanza, msaidizi wa daktari hajanipa ruhusa ya kukimbia.”

Daktari wa viungo anapenda kusema goti halirudi kazini, mtu ndiye anayerudi. Leo akaniita pembeni. Mama ana miadi Ijumaa ya wiki ijayo, ya mwisho. Akasema yeye humwona Mama akiwa amevaa vizuri na amejikaza. Mimi ndiye ninayemwona akiamka. Kwa hiyo siku hiyo ataniuliza mimi, na nitakalosema ndilo litakalokuwa.

Nikasema sawa.

Sawa gani? Mganga hajigangi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudi nimekuta kioja uani.

Mama yuko kwenye kile kistuli chake kifupi cha miaka yote. Binti wa mwenye duka yuko chini, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama ufagio. Bonge kakalishwa ndani ya beseni la kufulia, ana kijiko, anapiga beseni kama ngoma. Wote watatu wamenyamaza waliponiona, isipokuwa ngoma.

“Mbona mmekaa hivyo?”

Binti akaniangalia, akamwangalia Mama. “Bibi hawezi kuinuka.”

“Nani kasema siwezi? Napumzika!”

Kumbe kapumzika tangu mchana. Binti alijaribu kumvuta, wakaishia wote kucheka. Nikaenda nyuma yake, nikamshika kama tunavyofundishwa, mguu mzima nyuma, mguu mpya mbele, moja mbili — akainuka. Kakunja uso lakini hakulia. Goti limevimba, la moto. Nimeliwekea barafu ndani ya taulo.

Sikumgombeza. Nilimuuliza tu kichwa cha binti kilikuwa wapi.

“Palepale pake.”

Palepale pake ni kwenye goti la kulia. Ndiyo kazi yake ilivyo tangu ujana: yeye juu ya kistuli, mteja chini kwenye mkeka, kichwa kimelala gotini. Anakigeuza kichwa kwa goti, mikono haiachi nywele. Vichwa vilivyolalia goti lile havihesabiki. Na kovu lenyewe bado jekundu!

Binti akataka kwenda nyumbani na nusu kichwa. Kajifunga kitambaa. Kesho shule… nimemsuka mwenyewe ile nusu ya pili. Mama akatazama kutoka kwenye kochi, akasema upande wangu unafanana na njia ya panya.

Jumapili, 9 Machi

Nimeazima stuli ndefu kazini. Nimeiweka sebuleni, mbele yake kiti cha mezani chenye mgongo mfupi. Mama akae juu, mguu mmoja chini, goti limelegea. Mteja akae kitini kama binadamu. Kila akimaliza mstari mmoja wa nywele, ashuke, atembee mpaka bombani na kurudi.

Mama kaizunguka stuli kama mtu anayeuziwa mbuzi mgonjwa.

“Na kichwa kitaegemea wapi?”

“Hakiegemei, Mama.”

“Kichwa bila goti?”

Hapo akakaa kwenye kochi akaniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia. Kwamba mtu akilaza kichwa gotini mwa mwenzake, na uso wake hauonekani, anafunguka. Yeye haulizi. Anasuka tu. Wanawake wamemweleza mimba kabla ya waume zao kujua. Mmoja alimweleza anaondoka nyumbani kwake, na akaondoka kweli, na nywele zilikuwa zimependeza. “Si kwamba mimi ni mtu mwema sana, mwanangu. Ni kwamba wamepata pa kuegemea. Huko juu ya mlingoti wako nitakuwa fundi wa nywele tu.”

Nilitaka kumkumbatia. Nikamwambia, “Goti hilo haliegemewi na mtu. Kistuli kifupi nimekifungia stoo.”

“Umenifungia kistuli changu?”

“Nimekifungia.”

Mgonjwa haulizwi uji. Kuanzia hapo mchana kutwa ananiita Nesi. Nesi, naomba ruhusa niende chooni. Nesi, mjukuu kajinyea, unaandika au nimbadilishe?

Bonge naye kajifunza kushika kitu na kusimama. Kashika mguu wa stuli ndefu, katetemeka, kakaa puu. Tukapiga makofi wote. Nesi na mgonjwa.

Jumatano, 12 Machi

Nafungua mlango — mopu ya kudekia imefungwa kwenye mgongo wa kiti, kichwa juu, imesukwa! Mistari imenyooka, ncha zimefungwa uzi, na pembeni kaachia vinyuzi viwili kama bibi harusi.

“Mteja wangu wa leo,” akasema Mama. “Hasemi kitu. Nilikwambia.”

Lakini alikuwa juu ya stuli ndefu. Akashuka mbele yangu bila kushika ukuta. Akaenda bombani, akarudi, akakaa. Hatua zake sawa, goti haliingii ndani. Nikaligusa: limepoa, uvimbe umekwenda. Nikamwambia alikunje. Likakunjika.

Yuko tayari. Nimeshaona wengi, naujua ule mwendo. Mtu anatembea huku akifikiria kitu kingine — siyo goti.

Leo nilipitia pale kwenye kituo cha kulelea watoto nyuma ya kazini. Pazuri, pana kivuli, walezi wana sauti za upole. Hawapokei mtoto asiyetembea. Mlezi kanishika bega, kasema mlete akianza kutembea, wala hatakawia. Akianza! Nimemtazama Bonge jioni anavyoburuza tumbo.

Ijumaa ninaweza kusema “bado kidogo.” Maneno mawili. Hakuna atakayenihoji. Wala hayatakuwa uongo mtupu, Alhamisi ile goti si lilivimba? Daktari atatikisa kichwa, Mama atanuna, kiti kitakwenda kwa mwingine, na mimi nitaendelea kutoka asubuhi nikijua mtoto yuko na damu yake.

Nimechoka. Naandika tu.

Ijumaa, 14 Machi

Mama kaja amevaa gauni lake la bluu. Kapanda kitandani mwenyewe. Daktari kamkunja goti, kamnyoosha, kamsimamisha kwa mguu mmoja. Mlinzi alikuwa kwenye geti lake la kabati, kaacha hata kufungua.

“Haya,” daktari akanigeukia. “Nyumbani vipi?”

Mama hakunitazama. Alikuwa anatazama ukutani, pale penye picha ya mifupa, huku anasugua kidole gumba juu ya kidole cha shahada. Kama anayesokota nywele. Nafikiri hakujua kama anafanya hivyo.

Nikasema yuko tayari.

Nikasema yote kwa mpango, sauti yangu ya kazini: stuli ndefu, mteja kitini, ashuke kila mstari, nusu siku kwanza mpaka mwezi uishe, kistuli kifupi marufuku, kichwa cha mtu kisiguse goti. Daktari akasema basi aanze Jumatatu. Mlinzi akafungua geti, akampigia Mama saluti.

“Pita, mheshimiwa!”

Mama akapita. Kacheka mpaka machozi.

Njiani aliniambia atavaa viatu gani. Aliniambia pia wateja gani watakuwa wamemkimbia na gani hawawezi, maana wana vichwa vigumu. Tumefika nyumbani tumezungumza kila kitu isipokuwa Bonge.

Jumamosi, 15 Machi

Nimefua. Bonge ana mafua. Nimempigia babake, yuko barabarani, mtandao unakatika, kasikia “mafua,” hakusikia “Jumatatu.”

Nimemuuliza mama wa yule binti wa dukani. Kasema angenisaidia kwa moyo wote, lakini dukani panapita magari na mtoto anayetambaa ni mbio. Kweli tupu.

Mama kamwogesha Bonge kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Jumapili, 16 Machi

Naandika huku nikisukwa! Daftari mapajani. Mama kasema nisiinamishe kichwa, ndiyo maana maandishi yanapanda kama mlima.

Baada ya kula kaugonga mgongo wa kiti cha mteja kwa kiganja. “Kaa hapo. Sirudi kazini na mopu peke yake kama shahidi.” Nikasema nina nguo za kupiga pasi. “Nywele hizo hazijaguswa tangu ujifungue, mama Bonge. Wagonjwa wako wanakuheshimu kwa huruma tu. Kaa.”

Nimekaa. Mikono yake mizuri. Nilikuwa nimesahau. Inavuta bila kuumiza, kila kidole kinajua kinachokwenda kufanya. Kila mstari ukiisha nasikia stuli inalia, anashuka, anatembea mpaka bombani, anarudi. Sijamkumbusha hata mara moja.

Shingo inatafuta pa kuegemea. Haipati. Nimekaa wima kama mtu wa kupiga picha ya pasipoti.

“Unaona?” kasema. “Kichwa kigumu. Hakifunguki.”

“Kizoee tu, Mama.”

Bonge yuko chini, kamasi na kila kitu, anavuta mguu wa stuli. Kasimama. Anatetemeka. Sasa kashika gauni la bibi yake.

Nusu ya kichwa imekwisha.

Nikasema. Sikupanga, nilikuwa naangalia tu dirisha. Nikasema Mama, kesho sina pa kumwacha mtoto. Nikasema nimeuliza kila mahali. Nikasema kila asubuhi nikitoka huwa nasimama nje ya mlango kidogo, nasikiliza anavyocheka nawe, ndipo naondoka, na bila hicho sijui siku nitaianzaje. Nikasema nimechoka, Mama. Yote kwa sauti ya kawaida, kama naagiza sabuni. Na nikasema usikiache kiti chako cha saluni kwa ajili yangu, nenda, mimi ndiye niliyesema uende.

Vidole vimesimama. Vimeshika nywele zangu, havisuki, haviachii.

Nimechukua kalamu tena kwa sababu sijui niiweke wapi mikono yangu.

Nyuma yangu stuli inalia. Anashuka. Mstari haujaisha. Nangoja nisikie hatua zikienda bombani.

Haziendi. Kasogea karibu. Kakivuta kichwa changu nyuma, polepole, mpaka kimegota tumboni kwake — laini, panapanda na kushuka. Goti haliguswi. Bonge kabaki katikati yetu, kashika gauni kwa mkono mmoja na kiti kwa mwingine, anaguna.

“Haya,” Mama anasema. “Endelea. Nasikiliza.”

Bonge kaachia gauni, kaachia na kiti, bado kasimama.