Maji Yaliyolala Mtungini

Jumatatu, tarehe 2 Septemba

Maji yametoka saa kumi na moja asubuhi. Meupe kama yamechanganywa na maziwa. Mama Neema, jirani yangu, amekuja mbio na kikombe kunionyesha, kama kila mara. Nimemwambia akiweke chini ahesabu hadi mia moja. Yalianza kuwa safi kutoka chini. Ni hewa ndani ya bomba, hakuna zaidi. Nimefundisha darasa la sita miaka thelathini, bado watu wa avenyu hii wananiita Mwalimu na kuniletea vikombe.

Harufu ya javel, dawa wanayotia kusafisha maji, ilikuwa kali. Nimejaza mtungi na kuuacha wazi ili harufu itoke, kama ninavyofanya siku zote. Chai iliyopikwa kwa javel siinywi.

Masika, binti yangu, ameondoka kwenda mji wa Kiwanja kununua maharage ya kuuza. Atarudi Jumamosi ya wiki ijayo. Mwanawe Ushindi amebaki kwangu. Ana miezi kumi, na ni wa kwanza kwa Masika. Alisitasita sana kuniachia. Nilimwambia nisipoweza mimi, nani ataweza? Akapanda gari.

Alhamisi, tarehe 5

Mvua tangu jana. Robine, bomba letu la uani, imetoa maji ya rangi ya chai, kisha yakasafika. Javel zaidi ya juzi. Mama Neema ameuliza kama javel inachoma tumbo. Nikamwambia ingekuwa inachoma, wenye nyumba kubwa za mtaa wa Himbi wangekuwa wameshahama wote. Alicheka. Nilicheka pia, lakini sikuwa na hakika.

Ushindi amekula uji wote. Anapenda maji ya mtungi kwa sababu ni baridi. Anashika kopo kwa mikono miwili na kujimwagia kifuani.

Choo laini jioni. Meno, nadhani.

Ijumaa, tarehe 6

Si meno. Mara sita tangu asubuhi. Maji matupu.

Nimempa maji zaidi, kidogo kidogo, kutoka mtungini. Ametapika.

Ninaogopa. Naandika hivyo kwa sababu hakuna wa kumwambia.

Jumamosi, tarehe 7

Kituo cha afya. Macho yake yalikuwa yameingia ndani. Wamemtundikia serum ya mshipani. Walitafuta mshipa mkononi mara tatu, hakulia hata mara moja, na hilo ndilo lililonitisha.

Muuguzi aliuliza: "Mama, mutoto anakunywaka mayi gani?"

Nikasema ya robine. Akaandika.

Basi ni robine. Mvua, matope, mabomba ya zamani, javel ya kumwaga bila kipimo. Nimekasirika sana. Sijampigia Masika simu. Nitampigia mtoto akipona.

Jumapili, tarehe 8

Wamesema si kipindupindu. Turudi nyumbani kesho kama ataendelea hivi. Dada yangu alibaki naye alasiri nikaenda kwenye shirika. Mimi ndiye kiongozi wa shirika letu, familia kumi na nne za avenyu moja, tunasali pamoja kila Jumapili. Baada ya sala nikasimama kwa matangazo. Nilisema maji ya robine yamemlaza mjukuu wangu, yeyote mwenye mtoto asimpe hata tone. Walinisikiliza kwa makini. Hakuna aliyeuliza swali. Mama Neema akasema basi atarudi kuchota ziwani, Kituku. Nikasema afadhali.

Nilijisikia vizuri kusema. Nakiri.

Jumatatu, tarehe 9

Tumerudi. Mwepesi mgongoni kuliko alivyokwenda. Amelala mchana wote. Nimempa dawa ya chumvi na sukari niliyopewa kituoni, nimeichanganya na maji yaliyolala siku tatu mtungini. Hayana harufu kabisa. Nilichagua yale bora niliyokuwa nayo.

Jumanne, tarehe 10

Ameanza tena. Mara nne kabla ya saa sita.

Saa nane amekuja mama mmoja wa afya na mkoba mdogo. Muuguzi alimtuma kwa sababu ya lile neno robine. Nilimpokea vizuri, hatimaye mtu wa kunisikiliza. Alichota maji ya robine katika kichupa, akatia kidonge, akatikisa. Yakawa ya waridi. Akasema rangi hiyo ni ya javel, na javel ikiwamo, maji yanajilinda. Kisha akaomba kuona tunayokunywa. Nikampeleka kwenye mtungi kwa fahari. Akachota. Kidonge kingine. Akatikisa. Akasubiri. Akaniacha niangalie mwenyewe.

Hakuna rangi.

"Mwalimu, mayi ya robine iko muzuri. Ya hapa mu mutungi njo inamugonjesha."

Alinieleza polepole. Mtungi ulio wazi unapoteza javel, na javel ndiyo iliyokuwa ikiua vijidudu. Maji yakishabaki hivyo, vumbi, nzi, kopo, mikono yetu, vyote vinaingia na hakuna kinachovizuia. Aliuliza kama huwa namaliza maji yote kabla ya kuongeza mengine. Hapana. Naongeza juu. Aliuliza kama huwa nayachemsha. Nikasema maji yaliyolala hayahitaji moto. Hiyo nimewafundisha watoto wa watu, ubaoni, kwa chaki.

Nilimtolea kiti wakati yeye tayari amesimama kuondoka.

Jumatano, tarehe 11

Nimemwaga mtungi. Chini kulikuwa na utelezi wa kijani. Nimeujua kwa vidole, sikuwahi kuingiza mkono hadi huko.

Maji sasa yako kwenye bidoni, dumu lenye kifuniko. Ya Ushindi nachemsha.

Sikungoja Jumapili. Nimepita nyumba zote za shirika, moja baada ya nyingine. Nimesema nilikosea, robine ni nzima, mtungi wangu ndio ulikuwa mchafu. Nyumba ya nne niliona mtungi wazi kama wangu. Mama wa pale alisema alijifunza kwangu, mwaka binti yake alipokuwa darasani kwangu. Mama Neema nilimkuta akishusha bidoni mbili za Kituku.

"Mwalimu, weye njo ulisema."

"Nilisema. Sikujua."

"Sasa hii mayi nitaimwaga?"

Nikamwambia afulie nguo. Hakucheka. Nimepata aibu ya kutosha mwaka mzima.

Ijumaa, tarehe 13

Choo kimoja, kigumu kidogo. Amekula ndizi nusu. Amenivuta miwani.

Jumamosi, tarehe 14

Masika amefika saa tisa na magunia yake. Alimbeba mtoto, akampima kwa mikono, akaniangalia. Nikamwambia yote. Kuhara, serum, tangazo la shirika, kichupa kisicho na rangi. Sikupunguza kitu. Alisikiliza huku akimnyonyesha.

Aliuliza jambo moja tu, tangu lini naacha maji wazi.

Nikasema tangu nilipoolewa.

Akamhamishia mtoto titi la pili. Nilijua mawazo yake yamefika wapi, kwa sababu mimi nilifika pale Jumanne na sikuweza kuandika. Kambale, mdogo wake. Alikuwa na miaka mitatu. Kuhara, siku mbili, tukamzika. Masika alikuwa na sita, anamkumbuka. Tulilaumu bomba. Baba yao alifariki akiwa bado analilaumu, na mimi nimelilaumu hadi wiki hii.

Labda ni bomba kweli. Hakuna aliyetia kidonge wakati ule.

Masika hakutaja jina la mdogo wake. Alimfunga Ushindi mgongoni, akakaza kitenge. Amesema safari ijayo ya Kiwanja ataenda naye.

Nimesema sawa.