Sauti ya Nne Peke Yake

Mazingara, Handeni
3 Septemba 2024

Mwanangu Catherine,

Hujambo binti yangu? Mimi nipo, mgongo unauma kidogo na upweke ndio usiseme. Simu zangu hupokei, basi nimempa barua kondakta wa basi la Korogwe.

Kikundi chetu cha kuimba unajua kilivyosambaratika mama yako alipofariki. Gerald yuko Dar, Kaleb kafungua duka Kabuku. Lakini hii shule tulishaiahidi, nikaja peke yangu kufundisha watoto kuimba sauti nne bila chombo chochote. Mwalimu mkuu, Bi. Mwanaidi, alinipa sharti moja: nyimbo za kanisa hapana, wazazi wengi hapa ni Waislamu. Nikamwambia halina neno, upo wimbo wa palizi aliotunga marehemu mke wangu.

Kumbe nimeharibu! Juzi kaja kusikiliza, kaniuliza, "Mzee Enock, mbona wanaguna tu? Wimbo wenyewe uko wapi?" Catherine, nimelifundisha darasa zima besi! Maisha yangu yote nimeimba hiyo sauti ya nne, ya chini. Nikijaribu ya kwanza, koo linarudi chini lenyewe, na watoto wanafuata ninachotoa.

Tarehe 5 Oktoba ni siku ya wazazi. Njoo uwape sauti ya kwanza. Aliyebaki anayeijua ni wewe tu.

Baba yako

Makuyuni, Korogwe
14 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Huku wazima, shangazi Filomena anakusalimu. Hiyo habari ya besi imenichekesha mpaka akaja kuchungulia nina nini.

Lakini siji. Matanga hata hayajaanuliwa vizuri, ukaniambia nisimame pale mama aliposimama, niimbe alichoimba yeye. Mbele za watu! Mimi nataka kulia, wewe unanianzishia wimbo. Ile sauti ni ya mama. Mimi si kiraka, baba.

Mwanao

Mazingara
7 Oktoba 2024

Mwanangu,

U mzima? Mimi kikohozi tu kinanisumbua.

Siku ya wazazi imepita. Nilikuwa natazama mlangoni kila mara. Watoto wakaimba besi yao mwanzo mpaka mwisho, kwa raha zao, maskini. Wazazi wametulia kimya, wanadhani wimbo unakuja. Haukuja. Mzazi mmoja, Mzee Mwinjuma, akapiga makofi kwa huruma, wengine wakamfuata.

Hivyo ndivyo ninavyoimba hata chumbani kwangu. Naanza, nangoja mama yako aingie, kimya. Kile kimya nimeshindwa kukivumilia, ndiyo maana nilikuomba. Sijamsahau. Sitakusumbua tena.

Baba yako

Makuyuni
13 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Hicho kikohozi chemsha tangawizi, usijifanye kijana.

Nilikuja. Nilifika wazazi wameshakaa, nikasimama nje, kwenye dirisha la nyuma. Niliwasikia watoto. Nikasikia na kila mahali ambapo mama angeingia. Nikafungua mdomo, baba, haikutoka hata pumzi. Nikaondoka mnapiga makofi, nikalia njia nzima mpaka abiria wakanihurumia.

Nilikuwa nadhani ni mimi peke yangu ninayesikia kwamba hayupo. Nilikukasirikia bure kwa hilo.

Sauti ya kwanza siiwezi, na sijui kama nitaiweza. Lakini Jumamosi nakuja. Nikifika usinisimamishe mbele. Nipange katikati ya watoto, unifundishe besi.

Mwanao