Keki ya Mama Yake Bwana Osewe

Jumanne, 18 Februari 2025

Wewe uliyeokota daftari hili, tafadhali lifunge. Usisome hata neno. Kama umeshasoma, usimwambie mtu, hasa mtu wa ofisini. Naomba kwa heshima zote.

Leo Bwana Osewe, mkuu wa idara yetu, alionja keki niliyobeba kwa chai ya saa nne. Akasema Jumamosi mama yake anatimiza miaka themanini huko Rangwe, na keki nitaoka mimi. Kubwa, yenye krimu nyeupe. Alipofika mlangoni akageuka: "Mikataba naipitia wiki ijayo, nyar Kisii." Ndivyo anavyoniita kwa Kijaluo, binti wa Kisii.

Nikasema sawa, sir. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi.

Sina oveni. Nina jiko la mkaa, sufuria yenye mchanga na chumba cha mabati. Tena mimi Msabato – Ijumaa jua likizama, kazi imekwisha. Keki lazima iwe tayari kabla ya hapo, kisha ilale bila kuyeyuka. Homa Bay. Februari!

Jumatano, 19 Februari

Majaribio. Makaa chini ya sufuria, makaa juu ya kifuniko. Chumba kikawa moto kuliko sufuria. Leso yenye maji shingoni, miguu ndani ya beseni. Siagi iliyeyuka kabla haijakutana na sukari, ikabidi miguu itoke, bakuli la siagi liingie kwenye beseni. Miguu ikavumilia.

Keki iliiva vizuri. Nilipaka krimu, nikageuka kutafuta kijiko, nikakuta krimu imehamia mezani.

Mulki, jirani yangu mwenye duka la jumla, alichungulia akauliza kama naoka keki au najioka. Alijitolea friji yake ya soda. Nyembamba. Keki haiingii ila isimame wima. Tulijaribu.

Akasema nimwambie tu mzee kwamba haiwezekani. Nikasema hilo ndilo haliwezekani.

"Wallahi, Nyatichi, wewe unaogopa mtu kuliko moto."

Alhamisi, 20 Februari

Leo nimeoka alfajiri, nje, nyuma ya duka la Mulki, upepo wa ziwa ukipita. Siagi ilikubali. Keki imetoka kubwa, haina ufa. Sikutokwa na jasho, ila la hofu.

Bado krimu. Mahali pamoja tu penye baridi ninapopajua ni chumba cha seva, kazini, chenye kiyoyozi usiku na mchana. Ufunguo ninao mimi. Shida ni kitasa: cha ndani kiling'oka mwaka jana, kwa hivyo ukiingia unazuia mlango kwa jiwe. Adhiambo, karani mwenzangu, huuliza kila wiki fundi anakuja lini. Huambiwa bajeti.

Na kwa kuwa jiwe linaacha baridi itoke, Bwana Osewe aliniagiza nichape tangazo: MLANGO HUU UFUNGWE WAKATI WOTE. Nilibandika nje. Nikabandika na ndani, kwa uhakika.

Mpango: kesho wenzangu wakitoka, napaka krimu humo na kuiacha keki ilale humo. Ufunguo nampa Mulki jioni. Jumamosi, nikiwa kanisani, anaifikisha Rangwe kwa pikapu ya duka.

Ijumaa, 21 Februari

Keki niliiingiza kazini ndani ya katoni ya karatasi. Mokaya, askari wa getini, aliuliza mbona karatasi zinanukia vanila. Nikasema ni aina mpya. Mokaya humwambia Bwana Osewe kila kitu.

Wote walitoka. Nikafungua, nikaweka jiwe, nikaanza kupaka. Joto la korido likaingia, krimu ikalegea. Nikainua macho: tangazo langu. Wakati wote. Nikalisukuma jiwe nje kwa mguu.

Mlango ulijifunga vizuri sana.

Ufunguo uko nje, kwenye kitasa. Simu iko dukani kwa Mulki, inachaji.

Nilimaliza keki kwanza. Krimu imesimama, kingo zimenyooka. Sijawahi kutengeneza nzuri hivi. Leso niliyoleta ya kufutia jasho nimejifunika kichwani. Meno yanagongana. Nadhani Homa Bay nzima ni mimi peke yangu ninayesikia baridi.

Njaa pia. Keki ninayo. Ni ya mama yake Bwana Osewe.

Mwanga chini ya mlango umekuwa mwekundu. Jua linazama. Nimejiuliza kama kugonga mlango ni kazi.

Hatua kwenye korido. Nachana ukurasa huu, naupitisha chini ya mlango.

Wewe niliyekuomba usisome: tafadhali soma. Niko chumba cha seva, mlango wenye tangazo. Ufunguo uko upande wako, zungusha kushoto. Kama ni wewe, Mokaya, usimwite Bwana Osewe. Piga namba yangu, nimeiandika nyuma, atapokea Mulki. Mwambie keki iko tayari. Kisha mwambie kuhusu mimi. Ukifungua usiache mlango wazi, krimu itateremka. Ingia haraka, ufunge nyuma yako –

Hapana. Usifunge. Jiwe liko karibu na mguu wako