Sisimizi kwenye Michembe ya Mama

Jumapili, Bariadi

Sisimizi tena. Leo wameingia kwenye debe la michembe, viazi vya mwisho ambavyo mama alivikausha kule Ngulyati kabla hajafariki.

Nilishika dawa ya kupuliza, nikairudisha. Hicho ni chakula. Mama angeianika michembe juani sisimizi watoke, kisha angezungushia debe majivu ya jikoni, basi. Lakini mimi napikia gesi. Majivu nitoe wapi?

Nikaenda kwa jirani, Mama Kulwa. Akacheka, "Wenye gesi nao wanaomba majivu?" Akanijazia kopo.

Sisimizi wamekoma. Michembe naogopa hata kuila, maana ikiisha...

Mikono ilinuka moshi kama ya mama. Nimeoga, lakini mikono sikuisugua.