Jina Nililoliacha Nje ya Kitabu

Nyumba ya Serafim Gutu,
Valea Ciresului,
Moldova.

14 Novemba 2013

Mpendwa Shangazi Aksenia,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje huko Italia, na yule bibi unayemtunza bado anakataa kula mpaka umwimbie? Sisi ni wazima. Mama anakohoa kidogo tangu baridi ianze, lakini leo ameamka mwenyewe akasonga mamaliga, ugali wetu wa mahindi, kisha akanifokea kwamba nimenunua jibini yenye chumvi nyingi. Ukisikia anafoka ujue hajambo.

Dereva wa basi la Italia la kila Jumapili atakupa barua hii pamoja na kifurushi: jibini, jemu ya cheri na soksi za sufu alizofuma Mama. Anza na jibini kabla haijaharibika. Barua inaweza kungoja.

Nimekuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu kwenye simu ningezungumzia mvua mpaka salio liishe. Nimekukosea, Shangazi, na nataka usikie hilo kutoka kwangu kabla mtu mwingine hajakueleza.

Tangu mwaka jana ninaongoza kikundi cha vijana kanisani kila Alhamisi. Tunasoma maisha ya Wakristo waliotutangulia ili tupate wa kuwaiga: muuguzi aliyeishi na wakoma, mchapaji aliyefungwa kwa ajili ya Biblia, mjane aliyelea yatima sitini. Siku moja Damaris, binti wa fundi seremala, mwenye miaka kumi na sita, akaniambia, "Dada Raisa, hawa wote ni wa mbali, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutunga majani ya tumbaku kwenye uzi yakauke. Kwani kwetu hapakuwa na mtu?"

Nikasema yupo. Nikaandika maisha ya Babu Teofil, baba yako, kurasa thelathini na mbili.

Niliandika jinsi polisi walivyokuja kijijini mwaka 1979, enzi ya Wasovieti, kutafuta nakala za Agano Jipya zilizochapwa kwa siri, na jinsi Babu alivyobeba gunia zima mgongoni hadi kwenye banda la tumbaku la shamba la ushirika, akavificha vitabu ndani ya marobota. Niliandika kwamba walimhoji siku tatu asimtaje mtu.

Wewe unajua nani alibeba gunia. Na mimi nilijua. Baba aliniambia mwaka ule aliofariki. Alisema Babu alikuwa ameshawasha jiko avichome vitabu, ukamnyang'anya gunia ukatoka nalo. Uliyehojiwa ni wewe, na nafasi yako ya chuo cha uuguzi ikapotea kwa ajili hiyo. Baba alilia aliponieleza.

Hata hivyo nilikaa mezani na kalamu, nikakutoa wewe, nikamweka Babu. Nilijiambia kwamba vijana hawawezi kumwiga mwanamke aliyemwacha mumewe akatengwa na kanisa. Kwamba mume huyo alikuwa akikupiga, nalo nililijua.

Jumapili ya Shukrani ya mavuno nilikisoma kijitabu hicho mbele ya kanisa zima. Watu walilia. Mchungaji akachapisha nakala mia mbili.

Alhamisi iliyofuata nilimwalika Bibi Profira, yule mliyekuwa mkitunga naye tumbaku, aje awaeleze vijana habari za siku zile. Sasa ana miaka themanini na minne. Tulimsomea kijitabu, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Umeandika vizuri, mwanangu. Ila Teofil hakuwahi kutia mguu bandani. Vumbi la tumbaku lilikuwa linamkaba. Aksenia umemweka wapi?"

Vijana tisa wakanigeukia. Ningesema kweli palepale, aibu ingekuwa ndogo. Badala yake nilitabasamu, nikamshika bega, nikasema, "Bibi Profira, miaka imekuwa mingi, mambo huchanganyika." Wengine wakacheka, kicheko kile cha upole ambacho watu humchekea mzee. Yeye akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kitambaa cha kichwani, akasema, "Basi labda nimezeeka." Akaondoka kabla ya chai.

Kwa siku kumi na mbili sikwenda kumwona. Mara moja nilimkuta kisimani, nikageuka na ndoo yangu nikapita njia ya nyuma.

Kisha Damaris akaja nyumbani na daftari. Alikuwa ameshinda kwa Bibi Profira alasiri tatu, akiandika kila alichosimuliwa. Ameandika jinsi ulivyokaa juu ya robota lenye vitabu ukila mkate na kitunguu huku polisi wakipekua banda, na jinsi ulivyomwambia ofisa wao kwamba kama amechoka, robota la jirani ni laini zaidi. Hakunilaumu. Aliniomba tu nimsahihishie tahajia. Nilipofika ukurasa wa pili nikashindwa kuendelea.

"Ulikuwa unajua, Dada Raisa?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Kabla sijaandika neno la kwanza."

Alichukua daftari lake. Alipofika mlangoni akauliza, "Na Bibi Profira je? Ulijua hajachanganyikiwa?" Akatoka bila kungoja jibu.

Nilimweleza mchungaji. Akanishauri tulimalize kimyakimya, tutarekebisha tukichapa tena. Ni mtu mwema, hapendi ugomvi. Lakini uongo nilikuwa nimeusoma kwa sauti mbele ya watu. Jumapili nikasimama, nikayasema yote: la gunia, la jiko, la chuo chako, na nilivyomfanyia Bibi Profira. Baba Mdogo Ilarion alitoka nje nikiwa katikati. Mpaka leo ndugu yako huyo hanisalimii, anasema nimemfukua Babu kaburini. Wapo wanaomuunga mkono.

Ibada ilipokwisha nilimfuata Bibi Profira kumwomba radhi. "Alhamisi nitakuja," akasema, "lakini uniwekee kiti chenye mgongo. Na usinishike bega tena."

Vijana wanataka kuandika maisha yako. Nimewaambia hakuna atakayeandika hata mstari mpaka wewe mwenyewe ukubali. Ukikataa, hakuna atakayekuuliza sababu, mimi wa kwanza.

Lipo jambo moja ambalo halimo katika daftari la Damaris, kwa kuwa Bibi Profira alikuwa mgonjwa siku ile. Jumapili waliyokutenga nilikuwa na miaka minane, nimekaa benchi la pili, karibu na njia. Babu, akiwa mzee wa kanisa, ndiye aliyesoma jina lako mbele ya watu. Ulipita ukielekea mlangoni, mkono wako umefungwa bandeji mpaka kiwikoni, ukanitazama. Nadhani ulitaka tu niseme kwaheri. Nami nikainamisha macho kwenye kitabu cha nyimbo, nikajifanya natafuta namba. Kijitabu hiki kilikuwa mara yangu ya pili kukukana, Shangazi. Sikumwambia mtu habari ya ile ya kwanza mpaka leo ninapokuandikia.

Mama anakusalimu sana, anasema chumba cha upande wa bustani kimepakwa chokaa na hakina mtu. Bibi Profira anakusalimu. Damaris anaomba nimweke kwenye salamu ingawa hujamwona. Mungu aliyekuwa nawe kwenye njia ile ya kutoka, wakati sisi sote tumekaa, akutunze mchana na usiku.

Ni mimi, mwana wa kaka yako, nikupendaye kwa kuchelewa,

Raisa